Kabati la Miche

Lorraine alikuwa akipanda miche ya saladi kwenye udongo wa kabati jipya. Mumewe alilitengeneza kwa mbao za baraza lao la zamani, ili mboga zisiuawe na baridi ya mji wao wa Ballarat.

Ncha ya ubao mmoja ilikuwa na ukijani. Akadhani ni ukungu, akaisugua kwa kidole gumba. Haukutoka.

Akageukia uani.

"Mume wangu! Mbao hizi zimetiwa dawa ya mchwa, ndiyo ukijani huu. Ni sumu!"

"Kwani nani anakula kabati?" mumewe akacheka kutoka uani.

"Mizizi itanyonya! Na vipande vilivyobaki umeviweka wapi?"

"Si ndivyo ninavyochomea soseji? Watoto wameshamaliza za kwanza, sasa wanalamba vidole."