Salamu za Kona

Mwalimu Felicitas aliisogeza simu karibu na uso, akakohoa kidogo, akaanza kusoma ujumbe ambao haukuwepo.

“‘Shikamoo Bibi. Huku baridi imepungua. Juzi tumepikiwa supu ya kuku, lakini haina ndimu wala pilipili. Sijui hawa watu wanakulaje.’”

Bibi Mwamvita alicheka. Alikuwa amekaa mkekani, barazani kwake Tandika, macho yake yenye ukungu yameelekea kule sauti inakotoka.

“Kona huyo,” alisema. “Hali kitu bila ndimu.”

Simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

Jina hasa la Kona lilikuwa Conor. Wazazi wake walitoka Ireland kuja Dar kikazi, mama muuguzi, baba mchimba visima, wakapanga nyumba Mikocheni. Bibi Mwamvita ndiye aliyemlea tangu ana miezi minne. Mwisho wa wiki alikuwa akija naye Tandika, na watoto wa mtaani, jina lile likiwashinda, wakamwita Kona. Kuhesabu alijifunza kwa Kiswahili kwanza. Alipofika miaka tisa wazazi wakarudi kwao. Uwanja wa ndege aliing’ang’ania kanga ya Bibi, asiiachie, mpaka Bibi akaivua mabegani akamwacha aondoke nayo.

Hakumsahau. Alipoanza kazi alimtumia Bibi simu kubwa ya kisasa, na kila wiki salamu. Akawa askari jeshi huko kwao. Kisha, ana miaka ishirini na tatu, akaenda kujitolea vitani Ukraine, akiendesha gari la kubeba majeruhi. Mtandao wa kule ulikuwa dhaifu, ukipitisha maandishi tu, na Bibi macho yalikuwa yamekwisha. Mume alishafariki, mwanawe wa pekee yuko Mtwara na hupiga Idi hadi Idi. Basi Felicitas, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukoba aliyepanga chumba nyumba ya pili, akawa anakuja kila Jumamosi alasiri kumsomea.

“‘Bibi, mabomu yakianza nahesabu kwa Kiswahili,’” Kona aliwahi kuandika. “‘Nikifika mia naanza tena moja. Wenzangu wananicheka, lakini siku hizi na wao wanajua mpaka kumi.’”

Siku ile Bibi alijibu kwa robo saa nzima. Mwambie avae soksi mbili mbili. Mwambie asilale na nguo mbichi. Mwambie hiyo vita si ya kwao, arudi.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, Felicitas akiwa na simu ya Bibi aliyopewa aiwekee vocha, ukaingia ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa dada yake Kona, aliyejua kuwa mwalimu ndiye humsomea Bibi. Conor alifariki Jumanne. Alishawatoa majeruhi wawili, akarudi kumfuata wa tatu, gari likapigwa njiani. Tafadhali mwambie bibi yetu taratibu.

Jumamosi Felicitas alikwenda akiwa ameyapanga maneno. Alikuta mkeka umetandikwa, chai imemiminwa vikombe viwili.

“Nilidhani leo hutakuja, mwalimu,” Bibi alisema, sauti imekauka kama ya mtu mwenye mafua. “Kaa basi. Nisomee.”

Felicitas alifungua mdomo. Kilichotoka kikawa, “Anakusalimu, Bibi. Yuko salama.”

Baada ya hapo hakujua pa kusimamia. Jumamosi iliyofuata alimpa Kona likizo ya siku tatu. Iliyofuata akampa mafua, akamponya. Alijikuta akiwaza salamu za Kona darasani, mbele ya watoto tisini na saba, chaki mkononi.

Bibi aliyapokea yote. Majibu tu ndiyo yaliyopungua. “Mjibu wewe, mwalimu, utajua la kusema,” alikuwa akisema, halafu anamsogezea kikombe. “Haya, na wewe? Wiki yako imekwendaje?”

Na Felicitas, ambaye wiki nzima hakuna aliyemuuliza, alikuwa akieleza: mwalimu mkuu na vikao vyake, mchumba wa Bukoba aliyeacha kupokea simu, chumba kinavyovuja. Walikaa mpaka adhana ya magharibi.

Mwezi wa nne Bibi alipika pilau, akaita majirani, ikasomwa dua. “Namuombea mtu wangu,” alisema. Felicitas alijua ni marehemu mume wake.

Mwezi wa kumi ulimi ukamteleza. “‘Desemba nakuja, Bibi. Nitakaa mwezi mzima.’”

Bibi alimsogezea kikombe. “Inshallah,” alisema. “Kunywa chai, inapoa.”

Wiki nzima Felicitas hakula vizuri. Aliiona Desemba inakuja, na Bibi barazani akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo. Jumamosi alifika, hakukaa wala hakuomba simu.

“Bibi, nimekukosea. Kona hayupo. Alikufa mwezi wa tatu. Salamu zote hizi nilikuwa natunga mie.”

Akaanza kulia palepale aliposimama. Bibi Mwamvita alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaishika sketi yake, akamvuta taratibu akaketi.

“Mama yake alinipigia siku ileile ya Jumanne, bila hata kumwambia binti yake,” alisema. “Tulilia wote wawili mpaka simu ikakatika.”

Felicitas alimtazama. “Sasa, Bibi, miezi saba yote uliniacha nasoma?”

“Mwanangu,” Bibi alisema, “ningekwambia najua, Jumamosi ungekuja kwangu kufanya nini?”