Kichwa cha Kupimia

"Jivike tena tuone," alisema shangazi Dorika, na sebule nzima ikamgeukia Serafina.

Serafina akajivika. Taji la waya na shanga nyeupe likakaa juu ya nywele zake zilizosukwa usiku uliopita, likatulia. Wanawake kumi na kitu, waliojaa humo na birika la chai katikati, wakapiga vigelegele.

"Bado linachoma kushoto," alisema Serafina. "Kuna ncha sijaikunja." Akalivua, akachukua plaizi.

Siku ya nne hiyo alikuwa akipinda waya na kutunga shanga. Mtaa mzima wa Kambarage ulimjua Dorika kwa vibanio na mataji ya maharusi, ila macho yalikuwa yameanza kumkatalia, na vidole vya mtoto wa kaka yake havikuwa na mfano. Makubaliano yalikuwa mepesi. Taji likiisha Jumamosi, gari la bwana harusi lingekuja kulichukua, na gari hilohilo lingemshusha Serafina stendi, apande basi la Tabora akaanze kidato cha tano. Bweni! Katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kufika huko, na yeye ndiye binti pekee wa mama yake. Sanduku jipya lilikuwa limeshafungwa tangu Jumatano. Kila mgongo ulipomuuma alilitazama, akaendelea.

Na Jumamosi yenyewe ndiyo hii. Kilichomkera ni nywele tu.

"Shangazi, shuleni wanataka nywele fupi. Nyie mmenisuka."

"Sasa taji ningelipimia wapi, kwenye boga?" alijibu Dorika. "Kichwa cha bibi harusi na chako ni saizi moja. Utanyoa hukohuko."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Pantaleo, jirani asiyepitwa na habari hata ya paka kuzaa, akapaliwa na chai, akapigwa mgongoni mpaka akapata sauti.

"Ila jamani, huyo bwana harusi! Ana maduara matatu ya kuchimbia dhahabu huko Geita, ng'ombe arobaini katoa bila kuomba apunguziwe hata mguu, halafu meno ya mbele hana!"

"Meno ya nini na uji upo?" mwingine akadakia.

"Mjukuu wake wa kwanza ana mke."

Serafina naye akacheka mpaka plaizi ikamponyoka. "Na huyo bibi harusi, kwani haoni? Mimi ningeruka dirishani!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Mmoja alijifunika uso kwa kanga, mwingine akatoka nje kabisa. Mama yake Serafina peke yake hakucheka. Alikuwa pembeni akichambua mchele, akazidi kuuinamia ungo.

"Dirisha lenyewe lina nondo, mwanangu," alisema Mama Pantaleo, akijipangusa machozi.

"Mwacheni mtoto amalize kazi," Dorika akakata.

Serafina akaikunja ncha ya mwisho, ikalala chini ya shanga. Akapitisha kidole pande zote. Hapakuwa na pa kuchoma. Akaomba boksi la kulifungia.

"Livae kwanza," alisema Dorika. "Ukilishika mkononi litapinda."

Honi ikalia nje. Wanawake wakamwagika uani kwa vigelegele, na Serafina akafuata nyuma akiburuta sanduku lake, taji kichwani. Basi la Tabora lilikuwa linaondoka saa tano.

Kutoka kwenye gari akashuka mzee wa suti ya kijivu, fimbo mkononi, mwendo wa kuhesabu hatua. Serafina akaliachia sanduku, akapiga goti upesi.

"Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. Alimpita, akasimama mbali kidogo na mama yake Serafina, mwanamke wa umri wa binti yake. Akavua kofia. Akainamisha kichwa chenye mvi tupu, macho chini.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama naye hakuinua macho.

"Marahaba, mkwe wangu."