Nusu Saa Kabla ya Treni

Lango lilikuwa limefungwa, na treni ya kwenda London bado imesimama pale chini. Niliiona kupitia kioo.

"Mama, hapa tunafunga nusu saa kabla," alisema dada wa langoni. "Kuna ukaguzi wa pasipoti."

"Lakini treni si ile pale?"

"Hata mimi naiona, mama."

Mzee mmoja nyuma yangu akacheka. "Bibi alidhani anakwenda Lille, hapa hapa nchini, kununua viazi."

Marehemu mume wangu alinizoesha kurukia treni milango ikikaribia kufungwa, kwa hiyo nilijiona nina muda. Niliutumia kanisani, ng'ambo ya stesheni. Nilimwashia mshumaa mdogo wangu Odile, mgonjwa huko London, Mungu anijalie nimkute hai. Daktari alikuwa amesema hataiona kesho.

"Na treni zinazofuata?"

"Zimejaa zote, mama. Nafasi ipo kesho asubuhi."

Nta ya mshumaa ilikuwa imeganda kwenye kidole gumba changu. Nikasimama pale nusu saa nzima nikiibandua taratibu, kipande baada ya kipande.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake Odile.

"Mama mkubwa, umeshapanda? Mama anauliza kama umepata kiti cha dirishani."

Chini pale treni ikaanza kuondoka, bila kelele yoyote.

"Mwambie nimekaa dirishani," nikasema. "Mwambie ndiyo kwanza tunaondoka."