Dhoruba ya Nne

Dhoruba tatu kubwa za theluji zilikuwa zimepita katika njia ile ya mlimani juu ya Kitulo, na katika zote, wengi waliokufa walikuwa wametoka nyumbani kuwatafuta ndugu zao. Ndiyo maana siku hizi, kwa sheria ya kijiji, dhoruba ikianza milango ya nyumba hujifunga yenyewe kwa kufuli, wala haifunguki mpaka dhoruba itulie. Bibi Tupoke, aliyefiwa na mume na kaka wawili katika ile ya tatu, ndiye aliyeidai sheria hiyo kuliko wote.

Ya nne ilianza saa nane mchana. Mkwe wake, Subilaga, alikuwa ndani na mtoto mchanga. Bibi alikuwa ametoka kuwapa ng'ombe majani. Kufuli la mlango likalia.

"Subilaga! Fungua!"

"Mlango umegoma, mama! Nachukua shoka, navunja dirisha!"

Upepo ulivuma, kisha sauti ya Bibi ikarudi, imepoa. "Acha. Baridi itamuua mtoto. Nakwenda bandani."

Subilaga alisimama na shoka mkononi, mtoto akilia mgongoni. Akaliweka chini.

Baada ya muda wa saa tatu dhoruba ilitulia, mlango ukafunguka, naye akakimbia bandani, theluji ikimfika magotini. Bibi alikuwa hai, amejibanza katikati ya ng'ombe wawili.

"Shoka ulilishika?"

"Nililishika, mama."

"Ukaliweka."

"Si ulisema niache?"

"Nilisema. Hata hivyo nilitega sikio nisikie dirisha likivunjika."

Nyumbani Bibi alikunywa uji wote aliopewa, akashukuru, akambusu mjukuu. Kesho yake alibeba godoro lake, akahamia bandani kwa ng'ombe, ambako hakuna kufuli.