Jiwe la Mwalimu wa Mpira

"Amua wewe, nahodha," alisema Mzungu mkuu wa chuo. "Tumjengee marehemu mnara, tusimjengee?"

Wachezaji wote wakamgeukia Silvano. Nusu yao walimlilia mwalimu wao wa mpira kama baba. Nusu walikuwa bado wanamnung'unikia hata kaburini. Silvano alikuwa katika nusu zote mbili.

Uwanja ule waliuchonga wenyewe ubavuni mwa mlima, hapo Lushoto. Kila jioni, kabla ya kugusa mpira, marehemu alimtaka kila mchezaji ang'oe jiwe uwanjani akalitupe ukingoni. Rundo likawa ukuta wa kuzuia mpira usiende bondeni. Sasa mkuu aliyataka mawe hayo hayo kwa mnara.

Silvano akavuta moja ukutani, likaacha pengo. Lilikuwa la baridi, lina ukoga upande mmoja.

Mara mpira ukamponyoka mmoja wao miguuni, ukapenya pengo lile lile, ukatokomea bondeni.

"Silvano, tunajenga?"

Sheria ya marehemu ilikuwa moja: aliyeupoteza aufuate. Na pengo alikuwa amelifungua yeye Silvano. Kabla hajajibu, miguu ilikwisha kumteremsha.

Aliukuta kando ya mto. Akaubana kwapani, akageuka apande, ndipo alipoona jiwe bado liko mkononi. Na mlima ule haupandiki bila mkono mtupu wa kushikia majani; ilibidi aache kimoja.

Huko juu walikuwa wamejipanga, wanachungulia.

Akalegeza vidole vilivyoshika jiwe, akavikaza tena. Kwapa likaachia. Mpira ukadondoka mtoni, ukaanza kwenda na maji.