Ngiri Aliyefundisha Mkia

Zamani wanyama walipokuwa wanacheza karata, Nungunungu alimshinda Ngiri akachukua shimo lake. Siku hiyohiyo akamshinda na Fisi, akachukua pango lake.

Fisi akacheka. "Mchezo tu, bwana. Mbona umenuna?"

Ngiri hakucheka. Watoto wake walikuwa wanalowa mvua, na yeye hakuweza kukubali kushindwa. Alikwenda dimbwini na karata zake kuukuu, akajigawia mwenyewe, akajitazama majini. Alipopata karata mbaya, hakuona kitu. Alipopata wafalme wawili, mkia wake ukasimama wima.

"Kumbe!" alisema. "Mimi mwenyewe ndiye ninayemwambia Nungunungu karata zangu!"

Akajigawia tena na tena. Kila mkia uliposimama, alianza upya. Akafanya hivyo siku kumi na nane, kisha akarudi kwa Nungunungu.

Karata zilipogawiwa, Ngiri akasema, "Naweka gunia zima la mihogo. Wewe weka shimo."

Nungunungu alichungulia nyuma ya Ngiri. Mkia ulikuwa umelala. "Naweka, mzee," akasema huku anatabasamu. "Na leo utalia."

Ngiri akafunua wafalme watatu.

"Lakini mkia ulilala!" Nungunungu akapiga kelele.

"Ulilala, ndiyo. Nimeufundisha siku kumi na nane. Haya, toka, watoto waingie."

Fisi yeye hakujifundisha kitu. Mpaka leo anazurura bila pango, na bado anacheka.