Onyo kwenye Lebo

Dhamiri alipiga kiganja mezani, chai ya bosi ikamwagikia sampuli ya lebo.

"Mtoto wa chini ya miaka miwili akinyweshwa dawa hii ya kikohozi, anaweza kufa," alisema. "Na sisi tunaombwa onyo hilo tuliandike kwa herufi za ukubwa wa chawa! Jamani, mbunifu ni mkono tu, au ana moyo pia?"

Jina la Dhamiri alibandikwa na wenzake, maana hakuna kazi iliyopita mezani pake bila mahubiri. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mchoraji, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mwezi huohuo, alishaweka penseli chini.

Bosi alijikuna shingo. "Mwanangu, huyu mteja ndiye anayetuweka mjini. Tukimkataa ataenda kwingine."

"Aende! Ila mikono itakayofanya uchafu huo isitoke ofisi hii."

Makofi yalilipuka. Bosi, huku machozi yakimlengalenga, alimpigia mteja simu palepale mbele ya wote, akamwambia kazi yake hawaitaki. Kisha akaagiza maneno ya Dhamiri yachapwe makubwa, yabandikwe mlangoni. Wabunifu wakagombania aina ya herufi mpaka saa ya chakula ikapita.

Dhamiri aliaga mapema, akisema kichwa kinamuuma. Mchoraji alimkimbilia kwenye ngazi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka, leo umeniokoa. Ningeichora ile lebo, halafu ningemtazamaje mwanangu?"

"Ndiyo maana tuko pamoja," alijibu Dhamiri. "Nisalimie shemeji."

Alivuka barabara, akapita duka la miwani, akapanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa bado linanuka rangi. Mlango ulikuwa wazi. Mwenye dawa alikuwa amekaa, simu bado mkononi, amenuna.

"Wamekataa," alisema.

"Si nilikuambia watakataa, mkuu?" Dhamiri alivuta kiti, akafungua kompyuta yake. "Sasa tumebaki mimi na wewe. Na hizo herufi ndogo za nini? Watu wengine wana macho makali. Hilo onyo tulitoe kabisa."